Kopo Lisilovuja

Kila akitoka shule pale Kirushya, Adelfina alikimbilia mafigani. Kupika maharage ilikuwa kazi yake, na maharage ya kwao yalikuwa na kiburi, yanatokota mpaka jua linazama ndipo yanakubali kuiva. Mazoezi ya netiboli yakawa yanampita, na mwalimu alishasema asiyefika mazoezini ataondolewa kwenye timu.

Jirani yake Joyceline hakukosa mazoezi hata mara moja. Mama yake alikuwa ameleta sufuria ya presha kutoka Mwanza. Ilipiga filimbi kidogo tu, maharage yakaiva, na huyoo, mtoto wa watu kiwanjani! Adelfina alimwonea wivu. Hata salamu za Joyceline aliziitikia kwa kubetua midomo.

"Njoo upikie kwetu," Joyceline alimwambia.

"Kwenye sufuria inayovuja? Mvuke wote unatokea juu! Mimi nitatengeneza isiyovuja, na kiwanjani nitakutangulia."

Alasiri hiyohiyo akachukua kopo la maziwa ya unga, akatia maharage na maji, akagongomea mfuniko, akalikaza kwa waya na kulibandika motoni. Halikutoa mvuke hata chembe. Adelfina akachekelea. Kumbe kopo lilikuwa linavimba.

Mama yake, Restuta, akatokea na jembe begani.

"Shikamoo, mama! Leo maharage..."

"Toka hapo!" Mama alimvuta mkono, wakaangukia nje. Puu! Jiko likasambaratika, maharage yakanata kwenye bati. Adelfina akaangua kilio.

Mama Joyceline alifika mbio. Alipouona ule waya, akashika kichwa.

"Mwanangu, maji yakibanwa hayachemki upesi. Yanazidi kupata moto, kuliko hata yale yanayotokota kwenye sufuria ya kawaida. Ndiyo maana maharage yangu yanawahi kuiva. Lakini chombo kikipasuka, maji hayo yanageuka mvuke kwa mpigo, na mvuke unataka nafasi kubwa. Joyceline ameniambia ulivyoisema sufuria yangu; huko unakokuita kuvuja ndiko kunakotulinda."

"Kwa nini hukuuliza?" mama yake akamwuliza.

Adelfina akainama. "Nilimwonea wivu Joyceline. Sikutaka kumwomba."

Mama akampangusa majivu usoni. "Wivu ukiubana kifuani unafanya kama kopo lako. Ukikushika, useme mapema, kabla hujaumiza mtu."

Kesho yake maharage ya nyumba mbili yalipikwa kwenye sufuria moja. Filimbi ikalia.

"Inavuja!" Joyceline akamtania.

"Iache ivuje," Adelfina akacheka, huku akifunga kamba za viatu vyake.