Cherehani Iliyotoweka Kawajense

Mtaa mzima wa Kawajense hapakuwa na mwizi aliyewahi kumponyoka Bibi Pudensiana, ukimwondoa yule wa kuku, yule wa masufuria, na marehemu mumewe. Basi Jumatatu ile ya Oktoba 1995, saa moja asubuhi, Mama Matilda mwenye gesti alipokuta cherehani yake ya mkono haipo stoo, alimwita bibi huyo kwanza, mgambo baadaye.

"Kufuli halijavunjwa," Bibi alisema. "Ufunguo huwa wapi?"

"Chini ya mtungi. Tunaojua ni mimi, shemeji yangu Stanslaus, na huyu."

Huyu alikuwa Odeta, Mrundi. Hakuwahi kutoka nje ya nchi yao kabla ya safari hii, tena kaja peke yake: boti hadi Karema, lori hadi Mpanda. Alifagia gesti na kufua mashuka, naye akapewa pa kulala. Akifukuzwa hapa hana kwingine. Kule alikotoka hakubaki mtu wa kumfungulia mlango.

"Umeiba?" Matilda alimuuliza.

"Oya, mama. Hapana."

Alijibu kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kama anayesoma kibao cha duka. Alikuwa amekufa ganzi tangu ziwani. Alijua kwa jambo kama hili mtu hulia; machozi hayakuja, akaendelea kufagia.

"Mnaona? Hata haogopi!" Matilda alifoka. "Mgambo wamchukue!"

Bibi akamgeukia Masalu, mpangaji wa Kisukuma aliyeleta ng'ombe mnadani.

"Cherehani ya nini, bibi? Niwashonee ng'ombe suruali?"

Bibi alicheka, lakini mzigo wake akaupekua. Blanketi na fimbo tu.

Saa tatu Stanslaus akaingia na ndoo isiyo na kifuniko begani.

"Nimekesha porini narina asali. Shemeji, pokea! Ya jana usiku hii, bado ina joto la mzinga."

Odeta ndiye aliyepokea. Ndoo ilimponyoka, ikalala ubavu. Halikumwagika hata tone. Aliitazama, akaisimamisha.

Stanslaus alipoambiwa habari ya cherehani, hakuuliza mara mbili. "Si huyo mkimbizi! Unampa mtu pa kulala, anakulipa hivyo."

"Odeta, mjukuu wangu," Bibi alisema, "lete kijiko."

Bibi akachota asali, akakigeuza kijiko juu chini. Asali iling'ang'ania.

"Baba, asali ya jana hutiririka, tena ina masega na nyuki waliokufa. Hii imechujwa na imeganda. Ni ya msimu uliopita, umeichukua kwa mtu. Porini hukwenda. Ulikwenda mtaa wa Nsemulwa na cherehani, kwa sababu baba yake Séverine, mchumba wako, kasema hamtoi binti bila cherehani. Mtaa mzima unajua. Hata mimi kiziwi nimesikia."

Matilda akamgeukia shemeji yake. "Mgambo waje tu, wakuchukue wewe. Odeta hatoki hapa."

Odeta alisikia jina lake. Akaitafuta furaha pale inapokaaga, asiikute. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Naapa nimerina jana!" Stanslaus alisema. "Imeganda kwa baridi ya porini."

"Baridi," Bibi alirudia.

Bati lilikuwa linalia kwa jua. Jasho lilimshuka Stanslaus toka kwenye nywele hadi kidevuni. Akalifuta kwa kiganja, na wote wakamwangalia akilifuta.