Kilio cha Séraphin

Asubuhi ile ya Machi 2011 nilikuwa jikoni kwangu Ganshoren nakaanga vitumbua, huku nikimlalamikia mume wangu Mudathir kwamba unga wa mchele wa Ubelgiji hauumuki hata ukiubembeleza. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mauwa, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mwenyeji wa Likasi kule Katanga. Alikuja bila viatu.

Alinieleza kwamba lori lilikuwa limemgonga mwendesha baiskeli karibu na Basilika ya Koekelberg, akafa palepale. Mfukoni mwake polisi walikuta kitambulisho cha Séraphin, mume wa Mauwa. Lakini Séraphin alikuwa nyumbani, amekaa kitandani amempakata mtoto wao, sura moja na yake. Aliyekufa ni Désiré, rafiki yao. Hakuwa na karatasi za kuishi nchini, basi Séraphin alikuwa akimwazima kitambulisho chake ili apate kazi ya kusafisha ofisi pale Porte de Namur. Wengi walifanya hivyo. Picha haikuwa tatizo. Kwa macho ya Wazungu sisi sote tumezaliwa tumbo moja.

"Maman Nusura, tuende wote hospitali," Mauwa alininong'oneza. "Useme ni Séraphin. Désiré hana papiers, donc bibi yake hatapata kintu. Na bakijua ile carte, batatufukuza siye bote."

"Na Sidonie?" niliuliza. Sidonie ni mke wa Désiré, yuko Likasi na watoto watatu.

"Asiransi, ile bima ya lori, ikilipa, tutagabana naye. Mungu njo témoin, njo shahidi."

Désiré nilimjua vizuri. Alinibebea friji hadi ghorofa ya tatu, akakataa hata soda. Shuka lilipofunuliwa niliutazama uso wake nikasema, "Ndiyo, ni Séraphin." Nikatia sahihi. Sahihi hiyo inanichoma hadi leo.

Kilio kikafanyika. Kwa watu wa Katanga, wanawake hupokezana kumwita marehemu kwa jina lake, wakimuuliza kwa nini amewaacha. Siku tatu waliita, "Séraphin! Séraphin!" Mwenyewe alikuwa amejifungia chumbani, anasikia. Jina la Désiré halikutajwa hata mara moja. Sidonie aliambiwa mumewe amehamia Ujerumani.

Wiki mbili baada ya maziko niliwapelekea pilau mchana. Mauwa akamwita mumewe aje kula.

"Séraphin!"

Sauti mbili zikaitika. Moja ilitoka chumbani. Nyingine ilitoka bafuni.

Nilifungua bafu mwenyewe. Hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na mchanga wa barabarani, umelowa.

Séraphin alitoka chumbani, midomo imemkauka. "Ni Désiré," alinong'ona. "Banamuita na jina yangu, alors anakuya."

Niliwasihi. Nikasema tumpigie Sidonie, tuseme kweli, tumlilie Désiré kwa jina lake. Mauwa akatazama chini. "Asiransi inalipa mwezi kesho, maman. Baada ya pale."

Sikumpigia Sidonie. Niliogopa polisi, niliogopa Mudathir asipoteze kazi yake ubalozini. Niseme ukweli, nilikuwa mwoga. Kila nilipopita mlangoni kwao nilimsikia Mauwa akiita, na sauti ya chumbani ikizidi kufifia. Ya bafuni ilikuwa wazi.

Fidia ikatoka. Sidonie hakuona hata senti.

Jumamosi moja, saa saba mchana, Mauwa alinigongea. Akatangulia kushuka ngazi. Nikamfuata.

"Muite," alinong'ona. "Mi naogopa."

Nikaita. Sauti moja tu ikaitika. Ya bafuni.

Chumbani, nguo za Séraphin zilikuwa zimelala kitandani. Shati limefungwa vifungo vyote. Mkanda umekazwa. Soksi ziko ndani ya viatu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Siku hiyohiyo nilikwenda polisi nikaeleza yote. Nilitaka angalau Sidonie apate haki yake. Nikampigia simu pia, nikamwambia mumewe amekufa na nani alimzika kwa jina la mwingine. Alilia mpaka simu ikakatika. Polisi wakafukua kaburi, wakachukua kipande cha mfupa, wakakipima pamoja na mate ya mtoto wa Mauwa na Séraphin.

Miezi miwili baadaye wakaniita. Nilivaa vizuri nikijua sirudi nyumbani. Lakini yule ofisa alinivutia kiti, akanimiminia maji.

"Msiba huvuruga akili, madame," alisema taratibu. "Tumepima mara mbili. Aliyezikwa ni baba wa mtoto huyu, hakuna shaka. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza."

Akafunga faili. Sidonie hatalipwa chochote, kwa sababu mbele ya sheria mumewe hajafa.

Majibu hayo yamemfikia Likasi. Ameacha kulia, ameziosha nguo za mumewe na kuzipiga pasi. Kila Jumapili ananipigia, sauti imejaa furaha. "Maman Nusura, kama si yeye banazika, basi Désiré wangu iko wapi?"

Nami, niliyemwona chini ya shuka, namjibu kwamba bado namtafuta.