Hedifoni za Miguu ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule, Yuliana na bibi yake walishuka kwenye matuta kumwagilia kabichi na karoti. Maji yalitoka kwenye mfereji uliochepushwa kijitoni, na yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma vidole. Kijiji chao cha Lukwale kiko juu, upande wa milima ya Uluguru unaotazama mji wa Morogoro, na ukisimama penye kabichi unaona mabati ya mji yanavyong'aa kule chini. Bibi Felista alikuwa na mazoea ya kuzungumza na kabichi, hasa zile zilizochelewa kufunga. Alizigombeza kama watoto wavivu, na Yuliana alicheka mpaka maji yakammwagikia.

Mama yake Yuliana alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Turiani, akawa anakuja likizo tu. Nyumbani waliishi Bibi, Yuliana na redio. Redio nayo ihesabiwe, maana Bibi aliivalisha kitambaa alichofuma mwenyewe na kuiweka kwenye kigoda chake pekee. Betri zikichoka alizianika juani juu ya ungo, na ole wake kuku atakayezisogelea. Sheria yake ilikuwa moja: redio ni ya habari na matangazo ya vifo, muziki unamaliza betri bure. Aliyasema hayo miaka ileile ambayo redio mpya za mjini zilianza kupiga muziki kuanzia alfajiri, na Yuliana, msichana wa darasa la sita, alizijua nyimbo zote kwa kuzisikia dukani kwa watu.

Kilichomsumbua Bibi ni miguu. Mara ilimwaka moto, mara ikafa ganzi. Tena alikuwa akinywa maji mtungi kwa mtungi, akisema ni joto, ingawa Lukwale watu hulala na mablanketi mwaka mzima. Muuguzi Rahel wa zahanati ya misheni, kule bondeni, alimtaka aende siku ya kliniki akapimwe damu. Bibi aliahidi kwenda baada ya palizi. Palizi ilipokwisha akasema baada ya mavuno, na mavuno yalipokwisha akasema njia ya kurudi ina mlima mkali.

Jumamosi moja Yuliana alipeleka karoti sokoni mjini, na kabla ya kurudi akapita kumsalimia mjomba wake Ernest, kitinda mimba wa Bibi. Mjomba alikuwa na chumba cha gemu karibu na stendi, ambako vijana walikaa mbele ya televisheni wakiendesha magari yasiyokwenda popote. Siku hizo mji ulijaa vitu kutoka Dubai, na Mjomba naye alikuwa amenunua hedifoni kubwa nyeusi zenye kisanduku cha betri kwenye waya. Hazikutoa sauti tu. Gari la mchezaji likigonga ukuta, au ngoma nzito ikilia, zilitetemeka mpaka mashavuni. Kwa bahati mbaya upande mmoja ulikufa sauti ukabaki kutetemeka tu, na wateja wakazikataa. Mjomba akampa Yuliana, akamwonya asifungulie sauti kubwa, kwa kuwa masikio hayana duka la spea.

Yuliana alipanda mlima kama aliyepewa mbawa. Bibi alipokwenda kwenye sala za jumuiya jioni ile, Yuliana alichomoa betri za tochi akazitia kwenye kisanduku, akachomeka waya kwenye redio na kutafuta kituo cha muziki. Sikio moja lilisikia wimbo, jingine likatetemeka. Alifumba macho kwa raha. Alipoyafumbua, Bibi alikuwa amesimama mlangoni akijaribu kuwasha ile tochi aliyoiacha nyumbani, nayo haiwaki.

Bibi aliuliza hicho ni kitu gani. Yuliana aliona sheria ya redio imevunjwa, betri za tochi zimeibwa, na hedifoni zake zitafungiwa sandukuni hata kabla hazijamaliza siku moja. Uongo ukamtoka mdomoni mwepesi, wala hakuutafuta.

"Ni mashine ya kukanda miguu, Bibi. Mjomba kasema inatibu ganzi. Nilikuwa naijaribu kwanza."

Bibi aliitazama mashine, akamtazama mjukuu wake, kisha akakaa kitako na kunyoosha miguu. Yuliana hakuwa na la kufanya. Alizungusha hedifoni kwenye miguu ya Bibi, upande mmoja mguu huu, upande wa pili mguu ule, na besi ya wimbo ikaanza kuguruma, sauti nyembamba ikivuja upande mmoja. Uso wa Bibi ulilegea. Alisema kweli Ernest ana akili, na kwamba betri zitanunuliwa.

Basi ikawa hivyo kila jioni. Muziki uliokuwa marufuku sasa ulikuwa dawa. Shida ilikuwa moja tu. Msomaji wa habari hana besi, kwa hiyo saa ya habari ikifika mashine ilinyamaza kimya. Bibi alishika tama akimsubiri msomaji amalize, akilalamika kwamba dawa imekatika. Mwanamke aliyekuwa hakosi taarifa ya habari hata siku moja, sasa aliiona inamchelewesha.

Sifa zilienea. Jirani yao, Mzee Athanas, mkulima wa stroberi aliyekuwa na mgongo mkorofi, alikuja na kikapu kimejaa akaomba na yeye akandwe. Alilala kifudifudi kwenye jamvi, akaamka akisema amepona. Wakaja na wengine, huyu na goti, yule na bega, kila mmoja na kifungu chake cha njegere au mboga ya liki. Walimwita Yuliana daktari. Alipenda jina hilo kuliko stroberi, na stroberi alizipenda sana. Mara mojamoja moyo ulimchoma, lakini alijiambia kwamba wanafurahi na hakuna aliyeumia.

Siku ya kliniki ilifika ikapita. Muuguzi Rahel alituma ujumbe kwa watoto wa shule kuuliza kwa nini Bibi Felista hajatokea. Bibi alijibu kwamba anashukuru, ila sasa ana mashine yake nyumbani. Yuliana alikuwepo, akasikia, akainama kuokota maganda ya njegere yaliyokuwa yameshaokotwa.

Wiki chache baadaye, jioni moja, Bibi alisema betri zimeisha. Mguu wa kulia dawa ilikuwa inaingia, wa kushoto haikuingia hata kidogo. Kesho yake betri zilianikwa juani kutwa nzima. Jioni wimbo mzito ulipoanza, Bibi alitikisa kichwa akasema mguu wa kushoto bado hausikii kitu.

Yuliana alipitisha kiganja kati ya hedifoni na mguu. Kiganja chake kilitetemeka chote, mpaka kwenye kiwiko. Alibadilisha pande, akauweka ule wa kulia mguu wa kushoto. Bibi akasema hapana. Mashine ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimenyamaza ni mguu.

Alisogeza kibatari karibu. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto kulikuwa na kidonda chekundu, na kokoto ndogo imezama ndani yake. Alikigusa taratibu, akamwangalia Bibi usoni. Bibi alikuwa anaimba akifuatisha wimbo uliovuja kwenye hedifoni.

"Bibi, hapa hapaumi?"

"Wapi?"

Yuliana aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alikumbuka mzee mmoja wa kijiji cha pili aliyeanza na kidonda kidogo hivyo, akarudi kutoka hospitali ya mjini akiwa na mguu mmoja. Akamwambia Bibi kwamba kesho waende zahanati. Bibi akacheka. Akasema zahanati ya nini wakati mashine ipo, kesho zinunuliwe betri mpya na kidonda kitakandwa kipone. Yuliana akaona wazi alipofika. Bibi asingeshuka mlima ule kamwe mradi anaamini mashine, na aliyemfundisha kuiamini ni yeye. Akiendelea kunyamaza, jina la daktari litabaki lake na mguu wa Bibi utakwenda. Machozi yalianza kumtoka kabla ya maneno.

"Bibi, hii siyo mashine ya kukanda. Ni hedifoni za gemu, za kusikilizia. Mjomba hakusema inatibu. Nilisema mimi, kwa sababu nilichukua betri zako."

Bibi hakumwelewa. Akauliza mbona Mzee Athanas amepona mgongo. Alizivua hedifoni miguuni, akazifuta kwa kanga, akamvalisha Bibi kichwani, upande wenye sauti kwenye sikio lake zuri. Bibi alishtuka. Alikaa hivyo mpaka wimbo ulipokwisha, kisha akazivua na kuzipakata.

"Kumbe siku zote hizi nilikuwa nachezewa ngoma miguuni," alisema taratibu. Hakugomba. Yuliana alitamani agombezwe, maana upole ule ulimuumiza zaidi. Bibi aliinua mguu wa kushoto kwa mikono yake, akajaribu kuona kidonda, hakuweza kujikunja kiasi hicho. Akauliza ni kikubwa kiasi gani. Yuliana akamwonyesha kwa ncha ya kidole.

Asubuhi waliteremka. Mzee Athanas, aliyeelezwa yote alfajiri ile, alimshika Bibi mkono sehemu zenye utelezi. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Alisema basi mgongo wake umeponywa na kule kulala kwenye jamvi kila jioni badala ya kupalilia mpaka giza. Yuliana alimwomba radhi, akasema atawafuata na wengine wote mmoja mmoja kuwaambia. Mzee Athanas akasema afanye hivyo hivyo, na stroberi asizirudishe kwa kuwa zimeshaliwa.

Pale zahanati Yuliana aliamkia, "Shikamoo, muuguzi," akaeleza habari yote bila kuficha, hata ya betri za tochi. Muuguzi Rahel alimsikiliza akiwa anakisafisha kidonda. Kisha alipima damu ya Bibi, akakuta ina sukari nyingi. Akawaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa kisukari, ndio uliomletea Bibi kiu na ganzi. Mguu wenye ganzi ukijikata hautoi taarifa, na mtu hutembea na kidonda mpaka kinaoza. Hiki kilikuwa bado kichanga. Kwa dawa, chakula cha kupimwa, viatu vya kufunika na kuja kliniki bila visingizio, kidonda kingepona. Lile neno la visingizio alilisema akimtazama Bibi, na Bibi akaangalia dirishani.

Kabla hawajaondoka, muuguzi alifungua mtoto wa meza akatoa chuma kidogo chenye meno mawili. Alikigonga kikaanza kutetemeka, akakiweka kwenye kidole cha mguu wa Bibi, kwanza huu kisha ule, na kumuuliza kama anasikia. Bibi alisikia mguu wa kulia, wa kushoto hakusikia.

"Unaona," alisema muuguzi, "sisi nasi tunatetemesha, ila ni kwa kupima. Hedifoni zako hazikumtibu mtu yeyote, Yuliana. Zilikuonyesha ugonjwa, na ungenyamaza zingekuonyesha bure. Kilichouokoa mguu huu ni kwamba ulisema."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, wakapumzika mara nyingi. Jioni Yuliana alitayarisha maji ya uvuguvugu kama alivyoelekezwa, akayajaribu kwa kiwiko chake mwenyewe, akamwosha Bibi miguu na kuikausha katikati ya vidole. Hedifoni zilikuwa mezani. Aliuliza, bila kuinua macho, kama azirudishe kwa Mjomba.

Bibi alifikiri kidogo. Akasema zibaki, ila betri zake Yuliana atazitafuta kwa kuuza karoti za tuta lake mwenyewe. Muziki utaruhusiwa baada ya habari, kwa sauti ndogo. Kisha akamwinua kidevu.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Mimi mguu huu umeacha kuniambia ukweli. Nikiumia hausemi. Macho yangu nayo hayafiki huko chini. Kuanzia leo wewe ndiye utakayekuwa unaniambia, kila jioni, na mimi nitakuamini kwa lolote utakalosema. Kwa hiyo usinidanganye tena, hata kwa jambo dogo, hata kwa kunifurahisha. Mtu anayekuamini amekukabidhi mwili wake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

Kidonda kilipona kabla ya masika kwisha. Bibi alizoea viatu, ingawa aliviita majina mabaya kila asubuhi kwenye matuta. Kliniki hakukosa tena. Siku ya kwenda alizigombeza kabichi kwamba zinamchelewesha kufuata dawa zake.

Jioni, habari zikimalizika, alivaa hedifoni na kutikisa mabega kidogo, na Yuliana alikaa chini na kibatari, akiinua kidole kimoja baada ya kingine. Bibi aliuliza swali lilelile kila siku, kwa sauti kubwa kwa sababu ya muziki sikioni.

"Unaona nini?"

Siku nyingi jibu lilikuwa kwamba miguu ni safi. Jioni moja Yuliana aliona mchubuko mwembamba kisiginoni, mwembamba kiasi kwamba mtu angeweza kuuacha. Wimbo alioupenda Bibi ulikuwa ndio kwanza umeanza.

"Kuna mchubuko, Bibi. Mdogo."

Bibi alizima redio, akaweka hedifoni pembeni na kunyoosha mkono apewe dawa. Hakuuliza mara ya pili.