Aliyemuua Chiriku

"Chiriku mwenyewe ndiye aliyeomba nimuue," mzee mwandishi alisema kwenye skrini, akijiweka sawa kitini. "Mimi sikutaka. Lakini Kiranja aliniletea barua yake, nikaona basi, mtoto wa watu ameshaamua."

Mama Pacha alisimamisha picha. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara ya tatu akavua vipokea sauti na kuviweka mezani polepole, kama vitu vya kuvunjika.

Chiriku alikuwa yeye.

Kituo kilikuwa kimempa kazi ya kuhariri filamu ya historia ya Kengele ya Pili, tamthilia ya vijana iliyotimiza miaka ishirini na mitano hewani. Kizazi cha kwanza cha waigizaji kilirekodiwa wakati wa likizo, kwenye shule ya kuazima. Cha pili kilihamia chuoni. Cha tatu kiliigiza watoto wa wale wa kwanza, na hiki cha nne, kila mhusika ana simu mkononi na siri zinavuja kabla ya mapumziko. Sare zilibadilika, sura zikaja na kuondoka, ila swali la watazamaji lilibaki lile lile: kwa nini walimuua Chiriku?

Alikuwa na miaka kumi na saba alipopewa nafasi ya Chiriku, binti mwenye mdomo usiotulia wa dawati la nyuma. Kiranja alikuwa mvulana wa shati lililonyooka aliyempenda kimyakimya. Nje ya kamera walipendana kweli. Msimu wa tatu, Chiriku akafa maji kwenye safari ya shule. Hakuna aliyemwambia mapema. Alisoma kifo chake asubuhi ile ile ya kurekodi, akalazwa kwenye matope, ameloa chapachapa, akaambiwa asipepese macho.

Baada ya hapo, kila mlango aliobisha jibu lilikuwa moja: "Dada, sura yako ni ya marehemu. Watu watashtuka."

Kiranja ndiye aliyemfuta machozi. Akamtafutia kazi chumba cha uhariri, akamuoa, wakapata mapacha ambao sasa wako chuoni. Kiranja akapanda mpaka akawa mwongozaji wa tamthilia yenyewe. Na yule mzee mwandishi? Miaka ishirini na mitatu Mama Pacha hakumpa hata salamu. Akimkuta msibani, anahama kiti.

Alichukua simu, akampigia mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Chiriku."



"Leo umenikumbuka, mwanangu?"

"Mzee, ile barua ilisema nini?"

"Si uliiandika wewe?"

"Niambie tu."

"Kwamba umechoka kuigiza, unataka kuolewa utulie. Na kwamba una haya, nisikuulize chochote. Nami sikuuliza. Ulipoacha kunisalimia nikajua ni hiyo haya."

"Sikuandika barua yoyote, mzee."



"Mungu wangu," mzee alisema. "Kumbe nilikuua bure."

Jioni alimkuta mumewe sebuleni, karatasi za majina ya waigizaji wapya zimetandazwa mapajani.

"Baba Pacha, barua uliyompelekea mzee, uliiandika kwa mkono wa kulia au wa kushoto?"

Hakuuliza barua gani.

"Nani kakwambia?"

"Yeye, mbele ya kamera. Nijibu."

"Mama Pacha, tulikuwa watoto."

"Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mtoto nilikuwa mimi."

"Kuna watu wa filamu walikuwa wanakutaka. Walinipa bahasha ya mkataba nikuletee. Nikaona ukienda huko hurudi tena. Nikasema ukiwa huna kipindi, watakusahau, utabaki na mimi."

"Bahasha gani?"

Alifumba mdomo. Neno lilikuwa limeshamtoka.

Mama Pacha alikaa.

"Nililia miezi minane," alisema. "Kila jioni unakuja na leso yako. Ulikuwa unafikiria nini ukinifuta?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Najua. Ndicho kinachoniuma."

Mumewe aliyaweka makaratasi sakafuni.

"Kikate kile kipande. Nakuomba. Watoto wataona."

"Sikikati. Mzee wa watu amebebeshwa lawama zako nusu ya uhai wangu. Na mimi ndiye niliyembebesha."

Jumamosi alasiri ukumbi wa kituo ulifurika, vizazi vyote vinne vimekaa pamoja, mzee akiwa safu ya mbele na fimbo yake. Mama Pacha alikuwa juu, kwenye chumba cha mitambo. Kipande kile kilipopita, chini yake maandishi kwamba Chiriku hakuiandika barua ile, minong'ono ikazagaa. Filamu ilipoisha, Kiranja alisimama bila kuitwa, akashika kipaza sauti.

"Ile barua niliiandika mimi," alisema. "Mke wangu hakujua. Nilimwonea wivu nikamzimia nyota yake. Naomba mnisamehe."

Akalia, mtu mzima, mabega yanaruka.

Halafu binti mmoja wa kizazi cha nne akaanza kupiga makofi.

"Huyu ana moyo!"

Makofi yakashika ukumbi mzima. Wakasimama, wakamzunguka, wakamkumbatia. Kule juu, Mama Pacha aliona watu mia tatu wamesimama kwa ajili ya mumewe. Mmoja tu alibaki amekaa. Mzee alikuwa akigeuza shingo huku na huku, anamtafuta yeye.

Alishuka ngazi za nyuma, akamshika mkono, wakatoka.

Simu iliita wakiwa wamefika kibarazani kwa mzee.

"Uko wapi, mke wangu? Kila mtu anakuulizia. Nimesema yote, umenisikia?"

"Nimekusikia. Umesema vizuri."

"Basi rudi nyumbani."

"Umeomba msamaha kwa watu mia tatu, Baba Pacha. Mimi hujaniomba."

Kule upande wa pili kelele za ukumbi zilififia, kama mtu aliyefunga mlango.

"Nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe."

"Kwa hiyo unakuja?"

"Siji."

"Leo tu, au..."

"Siji, Baba Pacha. Watoto nitawaeleza mwenyewe."

Akaanza kulia tena, safari hii bila watu wa kumtazama. Mama Pacha hakukata simu. Alimsikiliza mpaka akanyamaza mwenyewe, kwa sababu bado alimpenda. Kisha akaingia ndani kumsaidia mzee kuvua viatu.