Kitabu Chenye Kiliitwa Kakule

Kama Éliakim angekuwa mulevi, batu ba Butembo bangemusamehe. Mais yeye ugonjwa yake ilikuwa karatasi.

Miaka saba alizunguka mu masoko, mu makanisa, mpaka mu nyumba za bajane, kutafuta bitabu bidogo bya Phinées. Phinées alikufa zamani. Aliandika hadithi za bafalme benye kuishi chini ya mulima na nyoka zenye kusema, akazipiga mu ronéo, mashini ya kutosha kopi. Batoto ba masomo balizisoma chini ya banc za darasa mpaka karatasi zikaoza. Bitabu bitano tu. Na kila kimoja alikiita namna sie Banande tunaita batoto banaume, kwa kufuata kuzaliwa: cha kwanza Paluku, cha pili Kambale, cha tatu Kasereka, cha ine Kakule, cha tano Katembo.

Éliakim alikuwa na bine. Alikosa Kakule.

Na yeye mwenyewe, kwa mama yake, alikuwa Kakule, kijana wa ine. Éliakim ilikuwa jina ya kanisa na ya bureau ya kazi.

Basi siku moja ujumbe ukaingia mu telefone: mujane wa Phinées angali muzima, iko Mbau, kitabu iko nayo. Éliakim akavaa viatu mbio mbio. Mama yake, mama Kanyere, akamushika mukono ku mulango.

"Kakule, jua ikianza kushuka, mutu akikuita mara moja, usiitike. Ngoja mara ya pili. Kitu cha pori hakiitake mara mbili."

"Mama, mie ni mwalimu."

"Na pori haiulizake diplome."

Akacheka, akaenda.

Ku Beni akapanda moto, pikipiki ya kijana mumoja, Lévi, kwenda Mbau. Lévi hakuzunguka mu maneno: "Papa, saa kumi na moja nageuka. Uko juu ya moto ao hauko, nageuka."

Nyumba ya mujane ilikuwa nyuma ya mashamba ya kakao. Harufu ya kakao yenye inachacha ilijaa mu pua, na chini yake harufu ingine... sawa udongo yenye imefukuliwa leo. Mujane, mama Vagheni, alikuwa amekaa ku mulango. Nyuma yake, giza.

"Umekuja kubeba nani?" akauliza polepole.

"Kakule, mama. Bengine bote niko nabo."

Éliakim akatia mukono mu mufuko kutosha feza. Mama Vagheni akatikisa kichwa.

"Acha. Mutoto hauzishwe."

 Kisha akasema, sauti chini:

"Tulizaa banaume batano. Bwana yangu akiandika kitabu chenye jina ya mutoto, ule mutoto anakonda. Bengine balipona. Kakule... siku kitabu kiliisha, tulimuita kwa chakula. Sahani ikabaki. Hata mwili hatukuona. Toka ile siku, kila jioni namuita mara moja. Hakuna mwenye anaitika."

Jua ilikuwa inashuka. Akageuza uso kwa giza ya nyumba.

"Kakule!"

Mara moja.

Na Éliakim, mutu mwenye mama yake alimuita vile miaka makumi ine, kwa chakula, kwa maji, kwa fimbo... kinywa ikamutangulia.

"Niko, mama!"

Nyenje zikanyamaza.

Mu nyumba, kitanda kikalia. Kitu kilikuwa kimelala, kikakaa. Miguu midogo ikagusa chini.

Pa.

Pa.

Pa.

"Asante, mwanangu," mama Vagheni akasema, machozi mu macho. Hakuwa anamuangalia Éliakim. Akamuwekea kitabu mu mikono. Kilikuwa cha moto, sawa tumbo ya mutoto mwenye homa.

Kule ku barabara Lévi akapiga honi. Éliakim akatia kitabu mu sakoshi ya begani, akakimbia.

Mu njia Lévi akapunguza mwendo. "Papa, ungali pale?"

"Niko."

"Mais moto imekuwa nyepesi. Sawa niko peke yangu."

Akakaza mwendo mpaka Beni.

Kesho yake, saa kumi, Éliakim akafika kwao Butembo. Mama Kanyere alikuwa anachambua maharagi ku mulango.

"Mama, nimerudi."

Akainua macho. "Karibu, papa. Unatafuta nani?"

"Mama, acha mizaha. Ni mie, Kakule."

"Mizaha ni yako. Mie nilizaa banaume bane." Akahesabu ku bidole: "Paluku. Kambale. Kasereka..." Kidole cha ine kikabaki juu. Akakiangalia sawa kidole cha mutu mungine. Akakiruka. "Katembo."

"Katembo ni jina ya wa tano! Na wa ine?"

Akarudisha macho ku maharagi. "Usiniulize ile."

Éliakim akapiga magoti mu maharagi, mwanaume muzima. "Mama, niite tu. Nitaitika, utanijua."

Mama Kanyere iko mukali, mais hakuzaliwa jiwe. Akamuhurumia huyu mugeni.

"Kakule!"

Éliakim akafungua kinywa. Sauti haikutoka.

Mu sakoshi yake, toka mu kitabu, sauti ndogo ikasema:

"Niko, mama."

Mama Kanyere akaacha maharagi yaanguke. Uso yake yote ikafunguka. Akanyoosha mikono... kwa sakoshi.

Éliakim alingoja amuite mara ya pili.

Angali anangoja.