Mwanangu Kwenye Mstari wa Mayatima

Nilifungua mlango wa karakana nikamkuta binti yangu Nuru, wa kumzaa mwenyewe, amekaa kwenye mstari wa mayatima. Kavaa sare ya Joana, yatima wa kweli.

Wasomaji wangu, Nuru si yatima. Mama yake ndiye huyu anayewaandikia. Na baba yake, Hassani, alikuwa palepale, anapanga soda za wageni.

Mimi nafundisha ushonaji kwenye kituo kimoja cha mayatima hapa Magomeni, Mtwara. Asubuhi ile mkurugenzi wetu, Nassoro, alinituma sokoni kununua uzi. Kumbe nilikuwa nasogezwa pembeni...

Mfadhili, Bi Zainabu, alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza. Kila yatima atakayemkuta darasani anapewa cherehani yake mwenyewe na nafasi ya chuo.

Nikautazama ule mstari. Wapwa wa Nassoro. Mtoto wa mhasibu, mashavu kama maandazi. Na Nuru wangu, ambaye sindano anaishika kama kashika nge.

"Joana yuko wapi?"

"Jikoni na wenzake," Nassoro akaninong'oneza. "Wanamenya mihogo ya wageni. Mwalimu, tulia. Hata wewe umekumbukwa."

"Nani kakuruhusu kumchukua mwanangu?"

"Muulize mwenzio."

Nikamgeukia Hassani.

"Baba Nuru?"

"Mama Nuru, ni cherehani tu. Hakuna aliyekufa."

Joana, jamani... Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakafia huku. Mwaka mzima anakata sare za shule kwa mkasi anaoazima kwangu. Akikosa hiyo cherehani, anarudi kijijini Mpapura kuokota korosho za watu.

Nilikuwa nafungua mdomo niseme, Bi Zainabu akaingia. Mama mtu mzima, mtandio mweupe. Hakutaka hotuba wala picha.

"Kwanza tuwaombee wazazi wao," akasema. Akamshika mkono Nuru, maana ndiye aliyekaa mbele. "Mjukuu wangu, marehemu baba yako aliitwa nani?"

Nassoro alikuwa kawafundisha kukaa, kuinamisha kichwa, hata kusema ahsante kwa sauti ya huzuni. Hili hakuliwaza. Mtu wa pwani, kakulia madrasa, anasahau kwamba yatima huombewa wazazi wake. Tamaa hiyo.

Nuru akasema ukweli.

"Hassani Mtepa."

"Mwenyezi Mungu amrehemu Hassani Mtepa. Al-Fatiha."

Mikono yote ikainuka. Nassoro naye kainua, mnafiki mkubwa. Hassani kasimama na chupa mbili, uso umekuwa wa majivu.

"Inua mikono, Baba Nuru," nikamwambia. "Unasomewa wewe."

Bi Zainabu akafumbua macho.

"Nani?"

"Huyo mwenye soda. Ndiye marehemu. Asubuhi kanywa chai na vitumbua."

Nuru akaanza kulia. "Mama, baba anakufa?"

Mpwa mmoja wa Nassoro naye akaogopa, akaropoka: "Wa kwangu msimsomee, yuko bandarini anapakia mizigo."

Bi Zainabu akashusha mikono taratibu.

"Mayatima wako wapi?"

"Jikoni. Wanakumenyea mihogo."

Akatoka bila kumtazama Nassoro. Akaenda kukaa kwenye mbuzi ya nazi, ubavuni kwa Joana, akamuuliza jina la baba yake.

"Mimi Mkristo, bibi," Joana akajihami.

"Kwa hiyo baba hakuwa na jina?"

"Bernardo."

Akamwombea Bernardo palepale, katikati ya maganda. Cherehani zote zikagawiwa jikoni.

Nassoro hatunaye tena kituoni. Hassani alikwenda kwa shehe kuuliza kama Fatiha inaweza kurudishwa. Shehe alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Kijiweni kwao madereva wa bajaji sasa wanamwita Marehemu, na mimi simtetei.

Nuru anajifunza kushona, tena kwa Joana. Mimi nimekataa kumfundisha. Akikosea anafumuliwa mshono, anarudia, analia, anarudia tena. Kumbe anaweza.

Na wewe mzazi mzima wa afya, unayemsukuma mwanao akachukue nafasi ya yatima... usiishie kumvalisha sare. Kachimbe na kaburi lako kabisa.