Zamu za Bibi Inamahoro

Kabla jua halijachomoza, Esperansi alikuwa ameshachota maji na kukoroga uji, na sasa alikuwa akimgeuza bibi yake ubavu wa pili. Tangu Bibi Inamahoro apatwe na kiharusi, upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Mgonjwa wa namna hiyo asipogeuzwa mara kwa mara huota vidonda, na Esperansi hakutaka vidonda.

"Pole, mwanangu," bibi alisema kwa taabu.

"Asante, Bibi," alijibu bila kuinua macho.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alichaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi mjini Tabora, na Jumatatu alitakiwa kuripoti. Kwao Ulyankulu, watu wote walikuwa wameanza kumwita nesi. Naye aliitikia tu, kama mtu anayepewa habari za jirani.

Asubuhi hiyo babu yake, Mzee Reveriani, alimkuta jikoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeshajiandaa kwa safari?"

"Sitakwenda, Babu. Nani atamtazama Bibi?"

"Hicho ni kisingizio. Sema kweli."

Esperansi akaweka mwiko chini. "Nimechoka. Nikisikia neno uuguzi, naona beseni na mashuka ya kufua. Sitaki kufanya hivi maisha yangu yote."

Mzee akakunja uso. Alikwisha kujivuna mbele ya wazee wenzake wa kigango kwamba nyumba yake itatoa muuguzi. Kabla hajafungua kinywa, Dismasi, kaka yake Esperansi, alitokea kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, macho mekundu kwa moshi.

"Samweli amenipokea zamu ya moto, Babu. Na baada yake ni Renatus."

"Vema. Nenda ukalale. Mchochea moto akisinzia, tumbaku yote huungua."

"Tumbaku ina watu watatu, Babu," Esperansi alisema polepole. "Bibi ana mimi peke yangu."

Dismasi akaitazama miguu yake. Mzee Reveriani, ambaye hakuzoea kukosolewa na wajukuu, aligeuka akautazama mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Kuanzia leo Bibi naye ana zamu," alisema. "Dismasi mchana, mimi usiku; kwenye bani watabaki Samweli na Renatus. Esperansi atatuonyesha, kisha atalala."

"Babu, mwanamume mzima nimlishe Bibi uji? Watanicheka."

"Wakimaliza kucheka, nao tutawapangia zamu."

Kutoka chumbani sauti ya bibi ikasikika, nzito na ya kukwaruza: "Huyo mkono wake mzito. Atanifunga kama mtumba wa tumbaku."

Alipokwisha kuwaonyesha kazi, Esperansi alilala mpaka jua likazama, akaamka akala, akalala tena. Siku zilizofuata alilala vivyo hivyo, kama mtu anayerudishiwa kitu alichonyang'anywa.

Jumamosi alipoingia kwa bibi, alimkuta bado amelazwa chali tangu asubuhi, Dismasi kando yake, na kisigino kimekuwa chekundu.

"Kaka, hapa damu haipiti vizuri kwa sababu pamekandamizwa," alisema, akipiga magoti. "Pakiachwa, patatoboka. Weka mto chini ya mguu, kisigino kisiguse godoro. Hivyo."

Dismasi akafanya, jasho likimtoka. "Sasa nieleze, dada. Ugonjwa ulikuwa kichwani, mbona umeua mkono na mguu, tena upande mmoja tu?"

Esperansi akaushika mkono wa bibi uliopooza. Alikuwa ameuosha mkono ule mara nyingi asiwahi kujiuliza. Swali likamganda moyoni siku nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akatamani kujua kitu.

Jioni alimwendea babu yake uani.

"Nitakwenda, Babu. Si kwa kuwa watu wananiita nesi. Kuna mambo nataka kuyajua."

Mzee Reveriani akaitikia kwa kichwa taratibu. "Siku ile uliikataa kazi, kumbe kilichokushinda ni kuifanya peke yako. Shika neno langu: aliyechoka apumzike kwanza, ndipo aamue. Aliyeelemewa aseme. Na nyumba inayomtwika mmoja mzigo wa wote, siku akianguka isiulize kwa nini."

Akainuka kwa shida, akakunja mikono ya shati, akaingia kwa mgonjwa. Zamu yake ilikuwa imefika.